Jirani wa nyumba ya tatu

Leo ukitoka ibadani, kama nguvu zinaruhusu, acha gari na bodaboda. Rudi nyumbani kwa miguu, uhesabu umewasalimia watu wangapi.

Nakuomba hivyo kwa sababu sisi wa Dodoma tunaishi katika mji uliopangwa kwa ajili ya mtu anayetembea. Mwaka 1973 iliamuliwa makao makuu yahamie hapa, na mwaka 1976 wataalamu kutoka Toronto, Kanada, wakakamilisha mpango mkuu wa mji. Mpango ule haukutaka mji wa fahari unaotawaliwa na magari. Kwa roho ya ujamaa, ulitaka mji wa jumuiya: nyumba, shule, maduka na viwanja vya wazi viwe karibu, mtu avifikie kwa miguu, kwa baiskeli au kwa basi.

Mengi hayakutimia. Lakini hata yaliyotimia tumeyafanyia nini? Mitaa mingi sasa ni ukuta na geti, ukuta na geti. Kichochoro walichopita wanafunzi kimemezwa na uzio wa mtu, na mtu huyo Jumapili anaketi viti vya mbele.

Nami nina kosa la kukiri. Kila siku nilipita mbele ya jirani yangu wa nyumba ya tatu, vioo vya gari vimefungwa kwa sababu ya vumbi. Jioni moja nikakuta turubai limefungwa nje kwake. Mkewe alikuwa amefariki, baada ya kuugua miezi minne. Jumapili zote hizo mimi nilikuwa naendesha gari kwenda mbali kuwaombea wagonjwa.

Soma Zekaria sura ya 8. Mungu anapoahidi kuirejesha Yerusalemu, hataji maghorofa. Anataja wazee walioketi njiani na mikongojo yao, na watoto wanaocheza humo humo. Hiyo ndiyo dalili ya mji uliobarikiwa: mnyonge anaweza kukaa barabarani bila hofu.

Utasema, ndugu yangu, wezi ni wengi. Ni kweli, ukuta una kazi yake. Lakini usiku ukivamiwa, ukuta haupigi yowe. Anayepiga yowe ni jirani anayekufahamu. Tena kumbuka, kuhani na Mlawi walau walimwona yule majeruhi, ndipo wakapita kando. Sisi tumejenga ili tusimwone kabisa.

Basi tuanze na madogo. Jumuiya ya mtaani kwenu ikikutana, nenda kwa miguu, umpitie na mgonjwa. Kama uzio wako umekula njia au uwanja wa watoto, urudishe nyuma. Zakayo hakuishia kutubu kwa mdomo, alirudisha. Na hili linayahusu hata makanisa yetu: tusijenge madhabahu juu ya kiwanja kilichotengwa watoto wacheze, kisha tukaiita sadaka.

Amri ya kumpenda jirani inaanzia hapo mlangoni pako. Toka, mwambie "Mbukwa" kama wasemavyo wenyeji wetu Wagogo, kisha usimame kidogo usikie anavyojibu.

Jumapili njema.