Michezo ya siku moja haiwapi watoto wa makao umoja

NI desturi iliyozoeleka katika makao ya watoto mjini Kakamega, kama ilivyo kwingineko nchini. Jumamosi asubuhi basi huingia uani, wageni wakateremka wakiwa wamevalia fulana za rangi moja, wamebeba mipira na kamba ya kuvutana. Watoto hugawanywa makundi, hushindana, hupewa soda na mkate, kisha picha hupigwa. Jioni basi huondoka.

Nia ya wahisani hao ni njema, na mchezo si anasa. Kifungu cha 31 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Mtoto wa mwaka 1989 kinautambua kuwa haki. Kupitia mchezo, mtoto aliyefiwa na wazazi au aliyetelekezwa hujifunza kungoja zamu yake, kushindwa bila kupigana na kumtegemea mwenzake.

Lakini ushirikiano huo unajengwa baina ya nani na nani?

Kamba inapovutwa na wageni ambao hawatarudi, mtoto hufunzwa tena somo alijualo tayari: kwamba watu wazima huja na kwenda. Wageni wengi hufurahi wanapokimbiliwa na kukumbatiwa na watoto wasiowajua, wakidhani hilo ni pendo. Wataalamu wa malezi hulitazama kwa jicho jingine. Mtoto asiye na mtu mmoja wa kudumu wa kumtegemea anaweza kumkumbatia yeyote.

Utafiti ulioanza mwaka wa 2000 jijini Bucharest, Romania, ulifuatilia watoto wachanga 136 waliokuwa wakilelewa vituoni. Nusu yao walichaguliwa kwa kura wakapelekwa kwa familia za walezi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2007 yalionyesha kuwa waliokwenda kwa familia walikua vyema zaidi kiakili, hasa waliohamishwa kabla ya kutimiza miaka miwili.

Serikali ya Kenya nayo imekwisha kuchagua mwelekeo huo. Novemba 2017 ilisitisha usajili wa makao mapya ya watoto. Mwaka wa 2022 ilizindua mkakati wa miaka kumi, hadi 2032, wa kuhamisha malezi kutoka vituoni hadi kwa familia na jamii. Mwaka huo huo, Sheria ya Watoto ya 2001 ilibadilishwa na mpya inayotambua malezi ya jamaa. Makao, basi, ni kituo cha safari wala si mwisho wake. Mchezo wowote unaochezwa humo haun budi kupimwa kwa kigezo hicho: je, unamkaribisha mtoto kwao?

Kakamega haihitaji kuagiza mbinu kutoka mbali. Isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho, iliingizwa mwaka wa 2014 na UNESCO katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa dharura. Ngoma hizo huwa tatu, kubwa, ya wastani na ndogo, na huhitaji mikono inayosikilizana. Huchezwa wakati wa furaha na wa msiba.

Tuseme mlezi wa makao akishirikiana na mzee wa kijiji wafunze isukuti kila wiki, watoto wa majirani wakiwemo, nyanya na wajomba wakialikwa. Mtoto atakayerudi nyumbani atarudi akijua mdundo wanaoujua wenzake. Hatakuwa mgeni katika boma la babu yake. Hata asiye na jamaa atakuwa amepata majirani.

Wasimamizi watasema kwamba wageni huleta unga na sukari, na hilo ni kweli. Si lazima wafukuzwe. Watakiwe kuunga mkono ratiba iliyopo badala ya kuja na yao, na waache picha za watoto. Gharama ya basi na fulana inaweza kumlipia nyanya nauli kutoka Shinyalu au Malava, amtembelee mjukuu wake kila mwezi.

Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Watoto hawa wamechezeshwa vya kutosha. Lililobaki ni kuwapa kwao.