Sadaka Ifuate Kalenda ya Mgonjwa

Kila mwaka, sikukuu za Idi na Krismasi zinapokaribia, na tena ifikapo Siku ya Wanawake Duniani tarehe 8 Machi, wodi za hospitali nyingi nchini Tanzania hupokea wageni wakarimu. Huja na sabuni, khanga, nepi na juisi. Wagonjwa hushukuru, picha hupigwa, na wageni hurejea makwao wakiwa na furaha wanayoistahili. Ukarimu huo haupaswi kubezwa, kwani kutoa ni moyo, si utajiri. Tatizo ni kwamba ugonjwa hauijui kalenda ya sikukuu.

Mfano ulio karibu ni kifua kikuu. Dawa zake hutolewa bila malipo katika vituo vya umma, na matibabu ya kawaida huchukua miezi 6. Lakini dawa kuwa bure hakuifanyi safari ya kuifuata iwe bure. Mgonjwa anayeishi mbali hulipa nauli, hupoteza kibarua cha siku hiyo, na huhitaji kula vizuri zaidi wakati ambapo kipato chake kimepungua. Akipata nafuu katika mwezi wa tatu huku nauli ikiwa imekwisha, kishawishi cha kuacha dawa huwa kikubwa; naye akiacha, ugonjwa unaweza kurudi, pengine ukiwa sugu, na kuwaambukiza wa nyumbani kwake.

Hali ni hiyo hiyo kwa mgonjwa wa figo, ambaye kwa kawaida husafishwa damu mara 3 kwa juma. Harambee kubwa ikilipia mwezi mmoja, mwezi wa pili huanza na swali lile lile. Hata damu inayochangwa ina muda wake: chembe nyekundu huhifadhiwa kwa wiki 5 hadi 6, na chembe sahani kwa siku chache tu. Damu iliyokusanywa kwa wingi katika tamasha moja haiwezi kumsubiri mama atakayetokwa na damu baada ya kujifungua miezi mitatu baadaye.

Kinachohitajika, basi, ni msaada mdogo unaodumu kuliko mkubwa unaopita. Utaratibu huo si mgeni. Vyama vya kufa na kuzikana, vikoba, jumuiya za makanisa na za misikiti hukusanya michango kwa uaminifu mwezi hadi mwezi. Ni ajabu kwamba jamii iliyojipanga vema hivyo kumsindikiza mtu makaburini haijajipanga vivyo hivyo kumfikisha kliniki. Kikundi cha watu 20, kila mmoja akitenga shilingi 2,000 kwa mwezi, hupata shilingi 40,000. Fedha hizo hazijengi wodi, lakini zinaweza kumwezesha mgonjwa kumaliza dawa zake.

Mtoaji hana budi pia kuuliza kabla ya kununua. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani kuhusu misaada ya dawa inataka msaada utokane na mahitaji yaliyoelezwa na mpokeaji, na kwa kawaida dawa ziwe na angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda wake zinapowasili. Busara hiyo yafaa kwa kila zawadi. Maziwa ya kopo yanayogawiwa katika wodi ya wazazi kwa nia njema yanaweza kumfanya mama anayeweza kunyonyesha aache kunyonyesha. Ofisa ustawi wa jamii na muuguzi wa zamu wanajua nani amekosa nauli na nani ameshindwa kulipia kipimo. Nao watumishi wa afya wana wajibu wao: kuyaweka mahitaji hayo wazi, kutoa stakabadhi, na kueleza fedha zilivyotumika.

Wapo wanaosema kwamba picha huwavuta wengine kutoa. Huenda ni kweli. Lakini picha inaweza kuwa ya vifaa vilivyokabidhiwa, si ya uso wa mgonjwa aliye kitandani, ambaye si rahisi kwake kumkatalia aliyemletea sabuni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za afya miongoni mwa taarifa nyeti, na zawadi haiondoi haki hiyo.

Katika Hospitali ya Taifa Muhimbili limo jengo la wodi lenye jina la Sewa Haji, mfanyabiashara wa Bagamoyo aliyefariki mwaka 1897, ambaye fedha zake zilisaidia kujenga hospitali ya awali jijini Dar es Salaam. Wachache wana mali kama yake. Lakini wengi wanaweza kumpata mgonjwa mmoja kupitia ofisi ya ustawi wa jamii, na kumlipia nauli ya mwezi wa kwanza, wa pili, hadi wa sita.