"Kila Kitu Origi" Si Ushahidi, Buda

Wauzaji wa pikipiki za mkono wa pili hapa Kisii na Nyamira watanichukia kwa hii, lakini lazima isemwe: neno "origi" halina maana yoyote mpaka mtu akuonyeshe namba.

Fungua simu yako saa hii. Boxer inauzwa Keroka: "iko fiti, kila kitu origi." TVS ya Kebirigo: "haijawahi guzwa." Boda imebeba ndizi, majani chai na abiria wawili wawili kwa hii milima yetu miaka sita, halafu haijawahi guzwa? Abaminto, tuheshimiane.

Kuna vitu viwili tu ambavyo uoriginali wake ni wa kufa na kupona: chesi na injini. Namba ya chesi imegongwa shingoni, pale hendeli inazungukia. Ya injini iko kwa mwili wa injini yenyewe. Zote mbili zimeandikwa kwa logibuku, na jina la mwenye pikipiki liko hapo pia. Zisome mwenyewe, herufi kwa herufi, ukiwa umeinama hapo. Picha ya WhatsApp haihesabiki.

Kwa Boxer na TVS, namba ya chesi ina herufi na tarakimu 17, na ndani yake huwezi kupata herufi I, O wala Q, kwa sababu zinachanganywa na 1 na 0. Ukiona moja ya hizo, hiyo haikutoka kiwandani. Pitisha kidole. Ukisikia alama za grainda, ama ukiona rangi mpya shingoni peke yake na tangi yote imechubuka, rudisha pesa mfukoni.

Na usinielewe vibaya. Kubadilisha injini si hatia. NTSA ina utaratibu wa kuandikisha injini mpya. Noma ni kuificha. Siku polisi watasimamisha hiyo pikipiki na namba zikatae, atakayeulizwa kuhusu mali ya wizi ni wewe uliyekalia siti. Muuzaji simu yake itakuwa imezimwa. Na ile pesa ilikuwa ng'ombe wa mama, ama mkopo wa chama.

Sasa tugeukie sisi wanunuzi, maana hata sisi tunapenda kudanganywa. Tukisikia "origi" tunatabasamu bila kuuliza origi ya nini. Breki shuu origi kwa boda ya miaka sita? Cheni origi? Hizo ni vitu vya kuisha! Zimetengenezwa ziishe ndio zibadilishwe. Angalia ubavuni mwa tairi, kuna namba nne: 2318 maana yake wiki ya 23, mwaka wa 2018. Kama hiyo bado ndiyo iko kwa gurudumu, usimsifu mwenyewe. Muulize alikuwa anangoja nini. Mtu akishuka mlima wa Manga na abiria mgongoni kwa mvua, hakuna uoriginali utamshikia breki.

Mita nayo isikutishe. Zile za kebo, ukichomoa kebo haisongi tena, pikipiki inakula barabara na namba imelala. Linganisha na raba za kukanyagia na pedeli ya gia. Mita inasema kilomita elfu nane na raba zimelika mpaka chuma? Mmoja wao anadanganya, na raba haijui kudanganya. Angalia pia vichwa vya skrubu za injini. Vikiwa vimelika, ama silikoni imetoka pembeni ya gasketi, injini imefunguliwa. Hiyo peke yake si kesi. Uliza ilifunguliwa kwa nini, na usikilize kama jibu linakuja haraka ama linatafutwa.

Najua mtaniambia, "Si fundi ataangalia." Fundi gani? Yule muuzaji alikuja naye? Huyo ameshalipwa, buda. Tafuta wako, mlipe wewe, asijue muuzaji ni nani.

Wengine watasema spea za kampuni ni ghali, mtu wa boda afanye nini. Sawa kabisa. Weka ya bei yako, hakuna anayekucheka. Lakini ukiuza, sema: "Cheni nimebadilisha, shokabu ya nyuma si ya kampuni, injini imefunguliwa mara moja." Mimi huyo mtu nitamlipa hata elfu tano zaidi, kwa sababu sasa najua naendesha nini.

Kwa hivyo ukiona tena mtu ameposti "kila kitu origi", usimtukane. Mwandikie maneno machache tu: tuma logibuku, halafu niambie tukutane wapi nisome shingo. Mwenye ukweli atakupa mahali na saa. Yule mwingine ataku-block, na hapo utakuwa umeokoa ng'ombe wa mama.