Upanga wa Mjapani na Hesabu ya Mirathi



Tuliitwa hivi karibuni katika nyumba moja kugawa tarika ya marehemu. Nyumba na kiwanja havikututaabisha. Kilichozua maneno ni upanga uliotolewa chini ya kitanda, umefungwa kwa leso kuukuu. Babaye marehemu alikuwa askari wa Keya, akapigana na Wajapani huko Burma mwaka 1944, katika bonde la Kabaw, akarudi nao. Mfanyabiashara wa vitu vya kale alikuwa amekwisha kuuona. Akauita upanga wa gwaride, pambo tupu, na bei aliyoitaja ikawa ya pambo.

Kwa sura hakukosea. Kikinga mkono ni cha shaba, kimepinda hadi kichwa cha mpini na kunakshiwa maua ya mcheri, na ala ni ya chuma kilichopakwa nikeli. Maofisa wa jeshi la nchi kavu la Japani walipewa upanga wa namna hii mwaka 1886, kwa kuiga majeshi ya Ulaya. Mwaka 1934 ukarejeshwa mtindo wa kale wa mpini wa mikono miwili, ingawa baadhi yao waliendelea kuuvaa ule wa kwanza. Panga nyingi za gwaride zina bapa la kiwandani, linalong'aa, butu.

Huu haukuwa butu. Chini ya kutu tuliona mstari mweupe wa mawimbi sambamba na makali, ambao mara nyingi ni athari ya mhunzi aliyepaka chuma udongo, akakitia moto, kisha akakizima majini. Na katika mpini mlikuwa na kijiti cha mwanzi. Wapo maofisa waliochukua bapa la kale la ukoo wao wakalivika mpini wa kisasa. Kijiti kikitolewa, mpini huvuka, na kwenye chuma kilichofichika ndani huenda mhunzi ameandika jina lake. Kutu nyeusi ya hapo haisuguliwi kamwe, kwani kwayo wajuzi hukadiria umri. Lakini kijana wa marehemu alikwisha kupitisha msasa kwenye bapa, upana wa vidole vitatu! Nia yake ilikuwa njema. Tulimwambia aache, apake mafuta mepesi tu.

Ndipo shangazi yao, aliyekuwa kimya muda wote, akauliza: "Sheikh, baba alipofariki, upanga huu uligawiwa lini?"

Haukugawiwa. Kaka aliuweka tu, na watu wakazoea. Basi hesabu haianzii kwa marehemu, yaanzia kwa babaye, aliyeacha mtoto mmoja wa kiume na mmoja wa kike. Tukaifanya thamani mafungu 48: shangazi 16, na 32 yaliyobaki ni ya marehemu. Humo mjane apata thumuni, yaani 4, kijana 14, na mabinti wawili 7 kila mmoja. Kijana alinuna kidogo, kisha akakubali.

Thamani yenyewe bado. Mfanyabiashara tulimwomba asubiri, maana mnunuzi hawi mkadiriaji. Mpini utafunguliwa na mjuzi mbele ya warithi wote, na picha za maandishi, yakiwapo, zitapelekwa kwa msomaji wa Kijapani. Hadi siku hiyo upanga uko kwa shangazi, umepakwa mafuta, ndani ya leso ile ile.