Siku Tusizotazama Tunazilipia



Katika vijiji vyetu vya Masisi na Walikale hakuna waya wa intaneti unaofika mlangoni. Waya huo umeishia mijini, ambako makampuni huuza intaneti na televisheni kwa pamoja, katika kifurushi kimoja cha mwezi. Kwetu sisi picha hushuka kutoka angani kwa dishi na dekoda, nayo intaneti hutoka kwenye mnara wa simu, pale mnara ulipo. Hata hivyo desturi ya kuuza ni ileile: mtu hanunui kile anachokitaka, bali hununua mzigo mzima, na mzigo huo hufungwa mwezi ukiisha.

Lalamiko tunalolisikia zaidi ni juu ya vituo. Baba anataka mpira, mama anataka habari, watoto wanataka katuni. Lakini mpira mkubwa umewekwa katika kifurushi cha juu, pamoja na vituo makumi ambavyo hakuna nyumbani anayevifungua. Kwa nini basi kila jamaa isichague vituo vyake vitano na kuvilipia hivyo tu?

Swali hilo ni halali, lakini jibu la makampuni nalo lina ukweli. Gharama kubwa haiko katika kukifikisha kituo kwenye nyumba moja zaidi. Iko katika kununua haki ya kukionyesha. Katika kifurushi, mpenda mpira huchangia kidogo katuni za watoto wa jirani, na jirani huchangia kidogo mpira wake. Tukivitenga vituo, bei ya mpira itapanda, na vituo vidogo vitakosa wa kuvibeba. Kwa hiyo sidai kifurushi kivunjwe. Jeraha letu liko mahali pengine: liko katika mwezi.

Tumfikirie mama mchuuzi wa maharagwe huko Nyabiondo. Tuseme ada yake ni dola 12 kwa mwezi. Anailipa siku aliyouza vizuri. Kisha mvua inanyesha siku nyingi, betri ya jua haijai. Kisha anakwenda kutafuta mzigo. Kisha risasi zinasikika, naye anafunga mlango na kukimbia na watoto. Mwisho wa mwezi ametazama siku 10 tu, na kila siku imemgharimu dola 1.20. Mwenye mshahara na umeme wa kudumu mjini ametazama siku zote 30 kwa senti 40 kila siku. Bei iliyoandikwa ni moja, lakini mnyonge amelipa mara tatu.

Haya si mambo ya kubuni kwetu. Tangu Januari 2025 benki za Goma zilipofunga milango, fedha taslimu zimekuwa adimu hata kwa wafanyabiashara. Machi 2025 watu wa Walikale-centre walikimbilia msituni. Dekoda iliyoachwa nyumbani iliendelea kuhesabiwa siku zake.

Je, yawezekana kuuza kwa namna nyingine? Yawezekana. Makampuni ya simu yametuuzia mega za siku moja na za juma kwa miaka mingi. StarTimes imeuza televisheni kwa siku na kwa juma nchini Kenya. Dekoda hufunguliwa na kufungwa kutoka mbali. Kuihesabia siku si kazi ngumu. Watasema malipo madogo yana gharama zake. Ni kweli, basi siku moja na iuzwe kwa zaidi kidogo ya sehemu ya thelathini ya mwezi. Lakini isiwe mara tatu. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hicho ni cha kampuni pia.

Wakati wa kusema ni huu. Mamlaka ya mawasiliano, ARPTC, iliikataza Starlink mwaka 2024, kisha ikaipa kibali Mei 2025. Intaneti ya satelaiti ndiyo iwezayo kufika Walikale kabla ya waya wowote. Ikija na bei ya mwezi peke yake, itawaacha nje walewale walioachwa. Tuombe mambo matatu: kifurushi cha siku na cha juma, haki ya kusimamisha siku zilizobaki mtu anapolazimika kuhama, na bei iliyoandikwa wazi kwa franka, ili muuza vocha asijipangie yake.

Wengine watasema hatutasikilizwa. Wakumbuke makato ya RAM, yaliyochukuliwa kwenye salio la simu zetu tangu mwaka 2020. Wananchi hawakunyamaza, na mwaka 2022 yakafutwa. Kamati zetu za walei zina uwezo wa kuandika barua yenye hesabu: siku zilizolipwa, siku zilizotazamwa.

Milima ya Rubaya, hapa Masisi, hutoa koltani, na tantali yake hutumika katika vifaa vya elektroniki duniani kote. Hatuombi televisheni ya bure kwa sababu hiyo. Tunaomba tu kwamba anayechimba, anayelima na anayekimbia auziwe siku alizo nazo.