Mfunzi wa Wanyama Naye ni Mtaalamu

Mwanafunzi wa Kiswahili amezoea kuulizwa atakula nini baada ya kuhitimu. Swali hilo hilo, tena kwa kicheko kikubwa zaidi, humkabili kijana anayetangaza kwamba angependa kujipatia riziki kwa kuwafunza wanyama. Wengi humwona kuwa mtu wa sarakasi, ama bawabu wa usiku aliyeshika kamba ya mbwa. Kwa maoni yangu dharau hii haina mashiko, na ushahidi hauko mbali, uko Morogoro.

Katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, shirika la APOPO limekuwa likiwafunza panya buku tangu mwaka 2000. Baadhi yao hunusa mabomu yaliyotegwa ardhini, wengine hutambua kifua kikuu katika makohozi. Panya huyu ni mwepesi mno kuweza kulipua bomu. Eneo la mita 200 za mraba hulimaliza kwa takriban nusu saa, ilhali mtu mwenye chombo cha kutambua vyuma huweza kuchukua hata siku nne. Msumbiji, ambako panya hao walifanya kazi, ilitangazwa kuwa imesafishwa mabomu hayo mwaka 2015.

Hebu msomaji aitazame kazi yenyewe. Kitoto cha panya huzoeshwa kwanza mikono ya watu na kelele za dunia. Kisha husikizishwa mlio mfupi na papo hapo hupewa kipande cha ndizi, hadi aelewe kwamba mlio ni ahadi ya chakula. Baadaye mlio hautolewi ila anapoisimamia harufu inayotakiwa. Hapa ndipo utaalamu ulipo. Mlio ukichelewa kidogo tu, panya atakuwa amekwisha geuza pua, naye atajifunza kwamba kugeuza pua ndiko kunakolipa! Mafunzo huchukua takriban miezi tisa, na katika mtihani wa mwisho bomu moja likimponyoka, hafuzu. Mfunzi basi sharti awe na subira, aandike kumbukumbu za kila siku, na asimlaumu mnyama kwa kosa lililo lake yeye mwenyewe.

Ndiposa sikubaliani na wahenga waliosema kwamba shukrani ya punda ni mateke. Walituonyesha teke, hawakutuambia punda alitendwa nini kabla ya hapo. Vivyo hivyo, mbwa anayefunzwa kwa kiboko humwogopa bwana wake na kumng'ata mgeni asiye na hatia. Huo si ufundi.

Hapa Kenya, mbwa wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori hunusa pembe za ndovu katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta na bandari ya Mombasa. Hata hivyo, anayeitamani kazi ya aina hiyo aghalabu hana budi kuvaa sare kwanza, ndipo akabidhiwe mbwa. Njia hiyo ni nzuri lakini ni nyembamba. Vyuo vyetu vinavyofundisha utabibu wa mifugo vingeweza kuanzisha stashahada ya ufunzi wa wanyama, yenye saikolojia ya kujifunza, afya ya mnyama na mazoezi ya uwanjani. Bila cheti, mwajiri hawezi kumtenga fundi na mchapaji.

Mwaka 2020, panya Magawa, aliyefunzwa Tanzania na kufanya kazi Kambodia, alitunukiwa nishani ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza. Jina lake lilienea duniani kote. Je, ni nani kati yetu anayeweza kumtaja hata mmoja wa waliomfunza? Pengine hata lugha yetu inachangia kusahauliwa kwao. Tuna mfugaji na mchungaji, lakini huyu tumwiteje? Mkufunzi tumekwisha mweka chuoni. Mimi nimetumia mfunzi. Mwenye neno bora na alilete katika toleo lijalo.