Ilimu Iliyotolewa Bila Hataza

Kipimo cha haraka cha malaria, ambacho kwa tone moja la damu hutoa jawabu kwa dakika chache hata katika zahanati isiyo na hadubini, hutegemea kingamwili za namna moja tu, zilizozalishwa makusudi zipate kuikamata protini ya kimelea cha malaria na kuachana na nyinginezo. Na asili ya kingamwili za jinsi hiyo ni kazi iliyofanywa Cambridge, Uingereza, na César Milstein, mzaliwa wa Argentina, pamoja na kijana wa Kijerumani, Georges Köhler, wakaitangaza mwaka 1975.

Mushkili ulikuwa huu: seli itengenezayo kingamwili hutengeneza aina moja tu, lakini ikitolewa mwilini hufa baada ya siku chache, ilhali seli ya saratani ya uboho huzaana bila ukomo, ila kingamwili ya kutufaa haina. Wataalamu hao walimchanja panya chembe nyekundu za damu ya kondoo, wakaungoja mwili wake uzijue, kisha wakazitwaa seli za bandama lake na kuziunganisha na seli za saratani kwa msaada wa kirusi kilichokwisha kuuawa. Chotara aliyepatikana, ndiye haibridoma, alirithi kingamwili upande mmoja na umri mrefu upande wa pili. Na ili seli za saratani zisizoungana zisije zikawasonga machotara, zilichaguliwa tangu awali zile zilizokosa kimeng'enya fulani, mchanganyiko wote ukakuzwa katika maji yenye dawa iuayo kila seli yenye upungufu huo. Machotara, waliokirithi kimeng'enya hicho kutoka seli za bandama, wakasalimika. Baada ya hapo kila seli hutengwa peke yake na kujaribiwa, na iliyo bora huzalishwa, akiba yake ikagandishwa.

Nionavyo mimi, linalostahili taadhima zaidi ni kwamba njia hii haikuandikiwa hataza, na Milstein aliwagawia seli zake wataalamu wenziwe walioziomba. Tuzo ya Nobel waliipata mwaka 1984, pamoja na mtaalamu mwingine, Niels Jerne. Lakini dawa zilizofuata ziliwekewa hataza na bei kubwa: trastuzumab, dawa ya saratani ya matiti ambayo chimbuko lake ni kingamwili ya panya, imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2015, na hata hivyo wanawake wengi wa nchi zetu wanaoihitaji hawaimudu.

Si insafu ilimu iliyotolewa bure iturudie kwa bei tusiyoiweza, wala si lazima tuendelee kuwa wanunuzi tu. Mawaziri wetu wa afya na wa elimu, hapa Afrika Mashariki, nawasihi watenge fungu la kudumu kwa maabara za vyuo vikuu, vijana wetu wazalishe haibridoma wenyewe, wakianza na vipimo vya malale na kichocho, maradhi ambayo matajiri wa dunia hawana haja ya kuyashughulikia.